Plagi ya Nne

Hodan, aabo,

Assalamu alaikum. Nakuita aabo kama unavyoniita wewe, maana kwetu baba na mtoto huitana jina moja. Nimekaa gereji, mlango nimeuegesha nusu, wewe umeenda kuwaaga mashangazi zako. Karatasi hizi nimezichana kwenye daftari lako la zamani la chuo. Kisomali nimekiongea tangu nizaliwe lakini sikufundishwa kukiandika, na Kiingereza changu unakijua. Basi nimebaki na Kiswahili hiki, nusu cha shuleni na nusu cha sokoni. Nikikosea, vumilia. Mwalimu Kyalo angenisahihisha kwa kalamu nyekundu, na mambo mengi ya barua hii yanamhusu yeye.

Habari za safari sitazirudia. Hooyo, mama yako, ameshakwambia uweke kitambulisho mfukoni na si ndani ya sanduku, ameshakununulia sweta mbili za baridi ya Nakuru, na nadhani amekuandikia namba za jamaa wote kuanzia hapa hadi Eldoret. Mimi nina jambo moja tu, na limenichukua miaka kumi na mbili kulifikia.

Tangu ile timu ya mashindano ya magari ikupigie simu kwamba wamekuchukua uwe fundi wao wa injini, chakula hakinipiti vizuri. Watu wa mtaa wetu wa Iftin hapa Garissa wanadhani naogopa binti yangu kuishi peke yake mbali. Hilo naliogopa kiasi, kama baba yeyote. Lakini kilichonikosesha raha hasa ni kitu nilichokiona mezani kwako Jumanne.

Ulikuwa umepanga plagi nne mpya juu ya kitambaa. Kwenye ile sehemu nyeupe ya kila plagi ulikuwa umechora mstari mweusi kwa kalamu ya wino mzito, kuonyesha mdomo wa plagi, pale cheche inaporukia, umeangalia wapi. Pembeni uliweka washa za shaba, zile pete zinazokaa chini ya plagi, nyembamba na nene. Ukanieleza kwa furaha, kama mtu anayemweleza mgeni: ukizifunga plagi hivi hivi, kila mdomo utaelekea upande wake, lakini ukizipanga kwa alama, midomo yote itaielekea valvu inayoingiza petroli na hewa, na cheche itakutana na mchanganyiko huo bila kizuizi. Halafu ukaniuliza, "Aabo, wewe hujawahi kufanya hivi? Kuna faida kweli, au ni maneno ya watu wa resi?"

Nikakujibu, "Upuuzi wa vijana," nikatoka. Wewe ukacheka. Hukujua kwamba nilienda kukaa peke yangu nyuma ya tangi la maji.

Uliniuliza swali la fundi, nami nikakujibu kama mtu anayekimbia. Leo nakujibu.

Mwalimu Kyalo unamkumbuka. Alikufundisha hesabu darasa la nne, na ulikuwa ukimwigiza anavyofuta ubao kwa kiwiko. Alikuwa mtu wa Makueni, serikali ikamleta kufundisha hapa, na wenzake wengi walipokuwa wakilia wahamishwe, yeye alikaa. Alikuja gereji siku moja na lile gari lake la buluu, saluni ya Kijapani yenye turbo, akaniambia, "Fundi, nataka gari hili lipumue." Hivyo tukawa marafiki. Mimi nilikuwa sijapata mtu wa kuongea naye injini kwa mapenzi. Wateja wangu wote walitaka gari liwafikishe tu. Kyalo alitaka kujua kwa nini.

Tuliinua springi zake, tukabadilisha bomba la moshi, tukasafisha njia za hewa. Kisha mimi nikasikia habari za kupanga plagi kwa alama, kutoka kwa fundi mmoja aliyekuwa amefanya kazi na madereva wa mashindano. Nikashikwa. Hodan, unajua ninavyokuwa nikishikwa na kitu. Nilikuwa nazungumzia midomo ya plagi mpaka hooyo yako akaniambia nikitaja neno hilo tena sahani yangu itakuwa na plagi badala ya wali.

Nilipozipanga mara ya kwanza, Kyalo alisema tupime. Tulikwenda kwenye ule uwanja wa udongo mgumu nje ya mji. Akaendesha mara tano plagi zikiwa zimepangwa. Injini ikapoa, nikazifungua, nikazifunga tena kwa kukaza vizuri lakini bila kuangalia alama, akaendesha mara tano nyingine. Alikuwa na saa ya michezo ya shule na daftari. Akaketi kwenye boneti akapiga hesabu zake, akaniambia, "Hassan, hapa hakuna kitu. Tofauti hii ni kidole changu kwenye saa."

Sikukubali. Nikasema ni upepo, nikasema ni petroli. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshawaambia mafundi wote wa mtaa kwamba nimegundua nguvu iliyofichwa, na niliona haya kurudi kuwaambia nilichogundua ni kidole cha mwalimu.

Basi jioni moja ya likizo, Kyalo akiwa hapa anakunywa chai, simu ikalia. Alikuwa kaka yangu Bare, kutoka Hadado, kule Wajir. Akasema mama ameanguka, hali chakula, na anauliza, "Hassan yuko wapi?" Ayeeyo, bibi yako, hakuwa mtu wa kuita watu. Alikuwa mtu wa kukaa kimya hadi uje mwenyewe. Niliposikia kwamba ananiita, nikaanza kuulizia basi.

Basi la Wajir halikuwepo mpaka baada ya siku mbili. Kyalo akaweka kikombe chini. "Kesho asubuhi nakupeleka mimi."

Nikamwambia haiwezekani. Wewe ulikuwa mdogo, hukuambiwa mambo yote ya miaka ile, lakini ulijua kwamba kuna siku walimu hawakuja shule. Magari yalikuwa yakisimamishwa njiani na watu wakiulizwa wao ni nani na wanaomba vipi. Mtu wa bara kama yeye hakuipita barabara ile bila msafara wa polisi. Nilimwambia yote hayo.

"Mama yako anakuita," akasema, "unataka nimwambie asubiri basi? Gari langu halisimami njiani, Hassan. Wewe mwenyewe umelitengeneza."

Asubuhi, alipokuwa akijaza maji kwenye mitungi, nikafanya kitu ambacho hakuna aliyeniomba. Nilikuwa na plagi mpya nne. Nikajiambia kwa safari kama hii injini iwe na kila kitu, nikachora mistari yangu, nikaanza kuzifunga. Ya kwanza ikakaa vizuri, mdomo ukaelekea ndani, spana ya kupimia mkazo ikatoa ile sauti yake, tak. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu nikaiwekea washa nene kidogo, ikakubali. Ya nne ikakataa. Mstari ulifika mahali pake wakati spana bado haijalia. Nikiendelea kukaza, mdomo unageuka na kuangalia upande wa moshi. Nikiacha, plagi haijakaza. Washa ya kiasi kile sikuwa nayo. Plagi ya tano sikuwa nayo. Plagi za zamani zilikuwepo, nzima kabisa, juu ya meza.

Nilisimama pale, aabo, na mstari wangu ukiwa umenyooka na ile mitatu mingine. Nikautazama mstari. Nikaishusha spana.

Kyalo akaja na mitungi. "Zote zimekaza?"

"Zote," nikasema.

Tuliondoka jua likitoka. Gari lilikuwa likiruka juu ya mashimo kama swala, na kwa saa za mwanzo niliamini ni plagi zangu. Kyalo aliendesha mikono yote miwili kwenye usukani, macho mbali. Kila tukikuta mtu kando ya njia, hata mchunga mbuzi, aliongeza mwendo. Tulipita Modogashe salama. Baada ya hapo kidogo ndipo nikaisikia: chi, chi, chi, chi, nyembamba, ikipanda na injini na kushuka nayo.

"Unasikia?" akauliza Kyalo.

"Ni mchanga kwenye bati la chini."

Wewe umekaa kwenye gereji hii tangu ulipoweza kushika spana. Unajua sauti ya moto unaovuja kwenye plagi iliyolegea. Mimi pia niliijua. Ningesema tu, "Simama," ningeshuka na spana, robo mzunguko, tungeendelea. Lakini kushuka kungekuwa kukiri, na pale porini sikutaka yule mwalimu aliyehatarisha maisha kwa ajili ya mama yangu ajue nilimdanganya asubuhi. Nikajiambia nitaikaza tukifika Habaswein, atakapokwenda kununua maji. Nikaongeza sauti ya redio.

Hatukufika Habaswein. Kitu kikalia PAA! Kyalo akalala juu ya usukani, gari likatoka njiani likaingia kwenye mchanga, na nikamsikia akipiga kelele kwa Kikamba. Alidhani tumepigwa risasi. Nami kwa sekunde moja nilidhani hivyo. Hofu ya sekunde ile bado imo mwilini mwangu. Lori likipasua gurudumu barabarani, wewe umeona ninavyoshtuka, ukafikiri ni uzee.

Nilifungua boneti. Tundu la nne lilikuwa wazi, jeusi. Koili, ile inayoipa plagi umeme, imening'inia kwa waya wake. Plagi ilikuwa imeruka na kung'oa thredi za mwisho za aluminiamu, ile mizunguko inayoishika, kwa hiyo hata kuirudisha isingeshika. Ilikuwa adhuhuri, hakuna kivuli zaidi ya kile cha gari. Simu hazikuwa na mtandao.

Kyalo alisimama hatua kumi, mikono kichwani. "Nimeliua, siyo? Nilikanyaga mafuta sana."

Hapo ndipo hasa nataka usome polepole. Alinifungulia mlango, nami nikauingia. Nikasema, "Labda."

Neno moja. Sikusema ni wewe. Nilisema labda. Nilijiambia nitamweleza tukitoka pale, kwamba sasa ana hofu ya kutosha, si wakati wake. Lakini nilimwona anavyolipokea lile neno. Aliinamisha kichwa akasema, "Pole, ndugu yangu. Pole sana. Nilikuwa namkimbilia mama."

Baada ya kama saa moja watu watatu wakatokea vichakani upande wa mashariki, na bunduki. Hawakuwa na sare. Mmoja alikuwa mzee mwenye ndevu nyekundu za hina, wawili vijana. Sikujua ni akina nani. Niliwasalimu kwa Kisomali, sauti yangu ikitoka kama ya mtoto. Mzee hakuitikia upesi. Alikuwa anamtazama Kyalo ndani ya gari.

"Yule ni nani?"

"Ni mwalimu wa watoto wetu."

"Atoke."

Kyalo hakujua Kisomali zaidi ya salamu, lakini neno lile alilielewa. Akafungua mlango polepole, akatoka mikono ikiwa juu. Kisha, Hodan, bila mtu kumwambia, akapiga magoti kwenye mchanga, akafumba macho. Midomo ilikuwa inacheza. Alikuwa anaomba kimoyomoyo asisikike anaomba vipi.

Nimeona mambo mengi, lakini mtu mzima, mwalimu wa mtoto wangu, akijipigisha magoti kwa sababu ya plagi niliyoiacha mimi ikiwa imelegea, hilo sijapata pa kuliweka.

Mzee akatupa bunduki mgongoni, akaenda, akamshika chini ya makwapa. Akamwambia kwa Kiswahili, "Simama, mwalimu. Sisi ni askari wa akiba. Hii bunduki ni ya kulinda kisima. Simama, suruali yako itachafuka." Walikuwa wameusikia mlio wa plagi wakadhani ni risasi, wakaja kuangalia. Nao walikuwa wanaogopa.

Walituletea maziwa ya ngamia kwenye kibuyu. Kyalo hakuweza kuyanywa. Yalimmwagikia kifuani, akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio, akaenda nyuma ya gari.

Alasiri likapita lori la mbuzi likielekea Wajir. Lilikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Nikamtazama Kyalo, nikawatazama wale watu watatu ambao nilikuwa nimewajua kwa saa mbili tu. Kyalo akasema, "Nenda kwa mama." Nikapanda. Nilimwacha pale. Mzee alimlaza nyumbani kwake na kumlinda kama mwanawe, na baada ya siku mbili alimpeleka na gari lake likivutwa hadi Garissa. Lakini mimi nilipopanda lori sikulijua hilo. Nilipanda tu.

Nilifika Hadado baada ya Isha. Bare alikuwa nje, na nilipoona wanaume wamekaa kwenye mikeka sikuhitaji kuambiwa. Mama alikuwa amefariki wakati wa Magharibi. Bare akasema tangu Alasiri alikuwa akigeuza uso mlangoni kila mbwa alipobweka. Ukipiga hesabu ya mwendo tuliokuwa nao, Alasiri tungekuwa tumefika.

"Kwa nini umechelewa?" Bare akauliza.

Nikasema, "Mwalimu alilikimbiza sana gari. Injini ikashindwa."

Unaona? Asubuhi lilikuwa "zote." Adhuhuri lilikuwa "labda." Usiku halikuhitaji tena labda.

Kyalo aliomba uhamisho kabla shule hazijafunguliwa. Nilitia thredi mpya kwenye silinda hedi, gari likawaka, nikampigia aje alichukue. Alikuja, akalizunguka mara moja, hakugusa hata mlango. Likauzwa kwa mtu wa Mandera. Siku ya kuondoka alinipa mkono hapa hapa ninapoandikia, akasema, "Hassan, nisamehe kwa mama." Nikamjibu, "Allah amemchukua, si wewe." Hata nilipotaka kumfariji nilichagua maneno yaliyoniacha salama.

Wewe ulirudi kutoka shuleni unalia, ukauliza Mwalimu yuko wapi. Nikakwambia serikali imemhamisha.

Sasa nikwambie ninachokiogopa. Plagi siziogopi kiasi hicho. Naogopa kwa sababu una mikono yangu. Huwezi kuona mstari umepinda ukalala. Hilo ndilo limekufikisha Nakuru, na sikuombi uliache. Lakini mwaka jana ulivunja bolti ya pampu ya maji kwenye pikapu ya yule muuza mitumba. Ulitoboa, ukaweka nyingine, ukapaka rangi, na alipokuja ukamwambia, "Ilikuwa imeoza." Haikuwa imeoza. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Niliona, nikanyamaza, kwa sababu ningefungua mdomo ningekuwa naongea na mimi mwenyewe. Nilifanya kosa lingine siku ile, na wewe ndiye uliyelilipa bila kujua.

Kule unakokwenda, gari halibebi mtu anayekwenda sokoni. Dereva ataingia kwenye kona akiamini kwamba ulichofunga kimefungwa. Nafikiria kijana nisiyemjua, mtoto wa mtu, anakuuliza kabla hajafunga mkanda, "Zote zimekaza?" Nafikiria utakavyojibu. Nikifika hapo naacha kufikiria.

Swali lako la Jumanne: je, kuna faida? Kwa gari la barabarani, hata lenye turbo, hata lenye kelele, mimi sikuiona, na mwalimu wa hesabu hakuiona akiwa na saa mkononi. Kwa injini ya mashindano iliyobanwa hadi mwisho, pistoni ikija karibu kabisa na plagi, mafundi ninaowaheshimu wanasema ipo, kidogo, na mara nyingine ni kwa ajili ya nafasi tu, pistoni isije ikagonga ncha ya plagi. Wakikuambia upange, panga. Lakini anza na spana. Kaza kipimo chote, uisikie inalia, ndipo uutazame mstari. Mstari ukikataa, badilisha plagi, jaribu tundu jingine, jaribu washa moja nyingine, iwe moja tu, usizirundike. Vyote vikikataa, uache mstari uangalie unakotaka. Plagi iliyogeuka injini haitaitambua. Plagi iliyolegea haipitishi joto lake kwenye hedi, inawaka kama kaa la moto, inatoboa pistoni au inaruka. Mtu akikucheka kwamba mstari wako umepinda, mwache acheke.

Jumatano, siku moja baada ya kuniuliza, nilienda kwa mwalimu mkuu wenu wa zamani nikamwomba namba ya Kyalo. Nikaibeba siku nzima. Jana nikapiga.

"Kyalo, ni mimi. Hassan wa gereji."

Alifurahi! Alipiga kelele, akamwita mke wake. Kitu cha kwanza alichouliza ni, "Hodan yuko? Yule wa kuniigiza?" Nikamwambia umekuwa fundi, unakwenda kwenye timu ya resi. Akacheka mpaka akakohoa. Nilitamani simu iishie hapo.

Nikamwambia. Nilianza na plagi ya nne, nikamwambia sauti ya chi chi chi, nikamwambia redio, nikamwambia labda. Nilipomaliza nikasikia kuku upande wake, na mtu anakata kuni.

Kisha akasema, "Unajua mimi huendesha vipi siku hizi?"

"Hapana."

"Watoto wangu wananicheka. Boda boda zinanipita. Miaka kumi na mbili, Hassan, naendesha kama mtu aliyebeba mayai. Nilijua nilimnyima mama wa mtu mwanawe kwa ajili ya mguu wangu." Akamwambia anayekata kuni asubiri. "Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mimi?"

Alisubiri kidogo, akakata. Leo nimempigia mara mbili, haipokelewi. Sina haki ya kumlalamikia. Huenda atapokea siku moja, huenda hatapokea. Nilidhani ukisema ukweli hofu inaondoka. Haijaondoka, aabo. Imehama tu, na imekaa mahali ninapoweza kuitazama.

Amebaki Bare. Yeye ni kaka yangu, na kwa miaka yote hii anamtaja Kyalo kwa jina baya ambalo sitaliandika. Ukweli huu siwezi kumwambia kwa simu. Nilikuwa nimepanga niende Hadado baada ya wewe kuondoka, wiki ijayo, au baada ya kumaliza ile Land Rover ya mteja. Nilipojisikia nikipanga hivyo, niliitambua sauti. Ndiyo ile iliyosema nitaikaza tukifika Habaswein.

Kwa hiyo nimekata tiketi. Gari la Wajir linaondoka kesho alfajiri, lako linaondoka saa mbili. Ukiamka utakuta sipo. Nimemwambia hooyo yako, amelia, kisha amenifungia mkate. Najua ulitaka niwe stendi nishike sanduku lako, nami nilitaka zaidi yako, lakini nikikuona ukipanda basi nitarudi nyumbani, nitajifunika, na sitakwenda tena.

Barabara ile naiogopa. Nina hofu hata ninapoandika jina la miji yake. Na uso wa Bare naogopa zaidi ya barabara.

Siku utakapokosea huko Nakuru, na utakosea, wakikuuliza na ukahisi neno dogo linakuja mdomoni, nipigie kwanza. Usinieleze kitu. Sema tu, "Aabo, kaa kwenye simu," uiweke mfukoni ikiwa wazi, uende ukawaambie. Nitakaa kimya, nitasikiliza mpaka umalize.

Nami nikifika mlangoni kwa Bare nitakupigia. Pokea, aabo. Huna haja ya kusema chochote.

Baba yako,
Hassan